Kalamu ya Ramani: Kariakoo, Jangwani na Haki ya Kuuchora Mji

Ramani ni karatasi, na karatasi haina sauti. Lakini katika maisha ya miji ni amri chache zilizotiiwa kwa muda mrefu kuliko mstari wa ramani. Mtawala huondoka, sheria hufutwa, sarafu hubadilishwa, na mstari uliopigwa na mpimaji hubaki pale pale ukiamua nani akae wapi, maji yapite wapi, na mtoto avuke njia gani aendapo shuleni. Historia ya mji wa Dar es Salaam yaweza kusimuliwa kwa namna nyingi. Namna moja yenye manufaa ni kuuliza swali dogo: kalamu ya ramani ilikuwa mkononi mwa nani? Swali hili si la wapimaji na wasanifu peke yao. Ni swali la uraia, maana asiyejua jinsi mtaa wake ulivyochorwa hawezi kujua amenyimwa nini, wala amdai nani.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa zaidi ya miaka mia moja vitanda vya Dar es Salaam vilitengenezwa na watu wasiovilalia. Hata hivyo, waliovilalia hawakukaa kimya, na katika siku za karibuni baadhi yao wamepewa nafasi ya kushika kalamu. Kariakoo, pamoja na bonde la Jangwani lililo kando yake, ni mahali pazuri pa kutazama jinsi jambo hili lilivyokwenda, faida iliyopatikana, na deni ambalo bado halijalipwa.

Mji ulianzishwa na Sayyid Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Sayyid Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora mpaka Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891 badala ya Bagamoyo. Mwaka huo huo walitoa kanuni ya ujenzi iliyougawa mji katika sehemu mbalimbali. Kwa maandishi, mgawanyo ulihusu aina ya majengo: hapa mawe na chokaa kwa mtindo wa Ulaya, pale miti, udongo na makuti. Kwa vitendo, mgawanyo ulikuwa wa watu. Mwenye fedha za mawe alikaa upande wa bahari, na asiye nazo alisukumwa upande wa magharibi. Ndivyo yalivyozaliwa majina ambayo wakazi wenyewe waliyatumia bila kusoma kanuni yoyote: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kijerumani ilipata ardhi ya shamba magharibi ya mji, ikaipima kwa mistari iliyonyooka ili Waafrika wahamie huko. Ilijenga pia jengo kubwa la soko. Vita vikaingia. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na eneo la soko likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina hilo, ukalilainisha, na Kariakoo ikazaliwa. Nairobi nayo ina Kariokor yake, kwa asili ile ile. Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa njaa, maradhi na uchovu, ni makumi ya maelfu, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Apitaye leo katika mitaa ya Narung'ombe na Mahiwa akitafuta bei nzuri ya kitambaa huwa anakanyaga majina ya mapigano ya mwaka 1917 katika kusini ya nchi. Hivyo ramani ya Kariakoo ni kitabu cha vita kilichoandikwa juu ya ardhi. Lakini wasomaji wake hawakufundishwa kukisoma.

Baada ya vita Waingereza waliuendeleza mpango walioukuta. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja. Sababu zilizotolewa zilikuwa za afya na hewa safi, walakini kazi ya uwanja ule ilikuwa kutenga. Hapa pana funzo la kwanza la somo hili: ramani husema kwa mistari yake, na husema pia kwa mahali ilipoachwa tupu.

Ama wakazi wa Kariakoo, wao hawakuulizwa mistari ipite wapi. Walipewa viwanja vilivyokwisha kupimwa. Lakini ndani ya viwanja hivyo walisimamisha nyumba waliyoijua, nyumba ya Kiswahili: ujia katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma kwa kupika na kufua, na baraza mbele. Nyumba hiyo haikuwa makazi tu. Ilikuwa mali, maana chumba kimoja kilimlaza mwenye nyumba na vingine vilipangishwa kwa wageni waliotoka Uzaramo, Unyamwezi, Umanyema na kwingineko. Baraza nalo lilikuwa mahali pa kusoma gazeti kwa sauti, kusuluhisha ugomvi, kucheza bao na kupima habari. Mpimaji alichora barabara ya kupitisha mikokoteni. Wakazi wakaigeuza kuwa ukumbi. Huo nao ulikuwa usanifu, ingawa haukuandikwa mahali.

Katika mabaraza hayo ndimo watu walimojifunza kuyaona mambo yao binafsi kuwa mambo ya umma. Mpangaji aliyedhani kwamba kodi ya kichwa ni mzigo wake peke yake aligundua kuwa jirani anaubeba mzigo huo huo. Chama cha Waafrika, kilichoanza mwaka 1929, kilikuwa na jengo lake katika New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, na humo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Si jambo la ajabu. Soko lilimkutanisha mkulima, mchuuzi, mpagazi na karani kila siku, na mwenye kulisimamia soko aliijua nchi bila kusafiri. Uwanja wa Mnazi Mmoja, uliochorwa ili kutenga, ukawa mahali pa mikutano ya kudai uhuru. Mstari ulibaki pale pale. Wakazi wakaubadilisha maana.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wengi walitazamia kwamba kalamu nayo ingehama. Haikuhama upesi. Mji ulikuwa umekwisha kupata mpango mkuu mmoja mwaka 1949, uliotungwa na Sir Alexander Gibb na wenzake kutoka Uingereza. Mpango wa pili, wa mwaka 1968, ulitungwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, na wa tatu, wa mwaka 1979, ukatungwa na kampuni nyingine ya Kanada, Marshall Macklin Monaghan. Hizo zilikuwa kazi za wataalamu, nazo zilikuwa na nia njema. Lakini lugha yake ilikuwa Kiingereza, michoro yake ilihitaji fundi wa kuifasiri, na mkazi wa Mtaa wa Sikukuu hakuwa na njia ya kuuliza kwa nini nyumba yake imetiwa rangi fulani. Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa lilibomoa nyumba nyingi za udongo ili kujenga mpya mahali pale pale. Baadaye ilionekana kwamba kubomoa nyumba ili kujenga nyumba hakuongezi idadi ya nyumba kwa kiasi kinachotakiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikageukia kuboresha maeneo yaliyojengwa bila mpango.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba serikali ya wakati huo haikutaka wananchi waelewe mambo. Kinyume chake, hapajawa na wakati ambapo elimu ya watu wazima ilishughulikiwa kwa bidii kubwa kama hiyo. Vikundi vya kusikiliza redio viliundwa nchi nzima: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Katika Mtu ni Afya peke yake watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyofuga mbu. Hiyo ilikuwa kazi tukufu. Ilionyesha kwamba jambo la umma likielezwa kwa lugha ya watu, na likiambatana na kazi ya mikono, huingia moyoni. Lakini kijitabu kilikuwa kimekwisha kuandikwa kabla ya kikundi kukaa. Wananchi walishiriki katika kujibu. Maswali yalitoka ofisini.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1969, mwaka ule ule wa Kupanga ni Kuchagua, Mmarekani Sherry Arnstein aliandika makala iliyofananisha ushiriki wa raia na ngazi yenye vipandio 8. Chini kabisa raia hudanganywa kwamba ameshirikishwa. Katikati huarifiwa na kusikilizwa. Juu kabisa huamua. Alichokisema kwa miji ya Marekani kinafaa kila mahali: kumweleza mtu mpango ni jambo moja, kumsikiliza ni jambo la pili, na kumpa sehemu ya kalamu ni jambo la tatu. Wengi huliita jambo la kwanza kwa jina la la tatu.

Soko jipya la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilikuwa hatua ya namna nyingine. Msanifu wake, Beda Amuli, alikuwa miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, naye aliliezeka soko kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopokea mvua na kutia kivuli. Kwa mara ya kwanza moyo wa Kariakoo ulichorwa na mwana wa nchi, aliyejua kwamba mchuuzi huhitaji kivuli na upepo kabla ya kuhitaji ukuta. Lakini kalamu ya mwananchi mmoja mwenye elimu, hata ikiwa na huruma, bado ni kalamu ya mmoja.

Mabadiliko makubwa zaidi yalianza mwaka 1992, ulipoanzishwa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, mpango wa kuuendeleza mji wa Dar es Salaam kwa mashauri. Badala ya kuagiza mpango mkuu wa nne, wakuu wa mji waliwaita watu wa taka, wa maji, wa usafiri na wa biashara ndogo ndogo kukaa pamoja katika vikundi vya kazi. Mengi yalikwama, maana mji ulikuwa ukikua kuliko mifuko yake. Lakini fikira ilikuwa imepandwa: mji si mchoro unaokamilika, ni shauri linaloendelea.

Fikira hiyo ilipata zana yake mwaka 2011. Mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale pamoja na wakazi wa huko, wakapima vichochoro, mifereji, visima, vyoo na maduka, na kuvitia katika OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na iliyo wazi kwa kila mtu. Kabla ya hapo, Tandale yenye maelfu ya watu ilikuwa karibu tupu katika ramani ambazo umma uliweza kuzitazama. Kazi hiyo ilikuwa bado changa wakati mvua kubwa za Desemba 2011 zilipoyafurisha mabonde ya mji. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu wakapoteza makazi. Serikali ilizihamishia familia nyingi Mabwepande, mbali na mji, na wengine wakarudi mabondeni, kwa kuwa riziki yao haikuhama.

Mwaka 2015 kazi ya Tandale ikapanuliwa na kuitwa Ramani Huria. Ndani yake walikuwamo Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia, pamoja na wanafunzi na wakazi wa kata mbalimbali. Namna ya kazi yenyewe yafaa kuelezwa, maana ndani yake mna elimu. Mwanafunzi alikuja na chombo cha kupokea majira ya mahali kutoka satelaiti. Mkazi alikuja na kumbukumbu. Mipaka ya mitaa mingi haikuwa katika karatasi yoyote inayotumika. Ilikuwa vichwani mwa wajumbe na wazee, nao iliwabidi watembee na wanafunzi wakionyesha: hapa mtaa wetu unakoma, pale unaanza wa wenzetu. Kuhusu mafuriko, mkazi hakuulizwa kwa hesabu ya mita. Aliulizwa maji yalimfika wapi mwilini: kwenye kifundo cha mguu, gotini, kiunoni au kifuani. Kila mtu anaujua mwili wake, na kwa hiyo kila mtu aliweza kutoa ushahidi. Ukuta wenye alama ya tope ukawa hati.

Ushahidi wa namna hiyo ulipokusanywa na kuchorwa pamoja, ulifundisha jambo ambalo hotuba haifundishi. Mkazi wa bondeni alikuwa amezoea kuambiwa kwamba mafuriko ni kosa lake, kwa kuwa amejenga mahali pasiporuhusiwa. Ramani haikulikanusha kosa hilo, lakini iliweka mengine kando yake: mfereji uliojengwa ukakomea njiani, kalavati jembamba kuliko mfereji unaoingia ndani yake, taka ambazo hakuna gari lililokuja kuzichukua, viwanja vya juu vilivyosakafiwa mpaka mvua ikakosa mahali pa kuzama. Palipokuwa na lawama moja pakaonekana sababu nyingi, na kila sababu ikawa na mwenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kuieleza haki kwa njia ya kuchora pamoja: kuzigawa lawama kwa mizani, na kumjulisha kila mmoja sehemu yake.

Bonde la Jangwani lilileta jaribio gumu zaidi. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita kando ya Kariakoo, ukaingia baharini karibu na Upanga. Wazee wa Magomeni, Mchikichini na Kariakoo waliujua mwendo wake siku zote. Hata hivyo karakana kuu ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilijengwa Jangwani, na maji yakaiingia mara kwa mara. Hapo haikuwezekana tena kusema kwamba maskini peke yao ndio hujenga bondeni. Mwaka 2018 paliitishwa mfululizo wa warsha za kubuni kwa pamoja juu ya bonde zima. Watu zaidi ya 200, maofisa, wahandisi, wanavyuo na wakazi, walikaa juu ya mchoro mmoja. Kilichotoka ni mpango wa kulipa maji nafasi yake, kuifanya sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya mji, na kuinua ardhi ya kandokando ili ijengwe kwa usalama. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo kwa ajili ya kazi hiyo.

Ni vema kuusifu mpango huo, na ni haki kuupima. Kuwalipa fidia watu waliokuwa wakiitwa wavamizi ni hatua kubwa ukilinganisha na mwaka 2012. Lakini baadhi ya wakazi walilalamika kwamba walicholipwa hakitoshi kununua kiwanja mahali ambapo mtu aweza kufika Kariakoo kwa nauli anayoimudu. Nayo fidia kwa kawaida humtazama mwenye nyumba. Mpangaji, aliyelala katika chumba cha nyumba hiyo miaka kumi, huonekana vigumu katika daftari. Hapo ramani yafika mwisho wa uwezo wake. Yaweza kumwonyesha mtu mahali alipo. Haiwezi peke yake kumpa haki ya kubaki, wala kumchagulia pa kwenda.

Kariakoo yenyewe, katika miaka hiyo, ilikuwa ikibadilika bila shauri la namna hiyo. Tangu miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili zimeondoka moja baada ya moja na maghorofa yakasimama katika viwanja vile vile vidogo vilivyopimwa kwa ajili ya nyumba za chini. Baraza limekuwa duka, na mchuuzi aliyelikosa baraza amehamia barabarani. Mwezi Julai 2021 soko la Amuli liliungua. Mwezi Novemba 2024 ghorofa moja lilianguka na watu zaidi ya 25 wakafa, wengi wakiwa kazini. Baada ya kila msiba ziliundwa kamati, na kamati ni jambo jema. Lakini wapagazi na wachuuzi waliokuwa wakiyaona majengo hayo kila siku walihojiwa baada ya msiba, hali walistahili kuulizwa kabla.

Pana tukio moja lenye kuleta matumaini. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa na sharti la kuandikisha maghala. Tarehe 17 Mei Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao hadharani, akawasikiliza kwa saa nyingi, na ikaundwa kamati iliyowachanganya watu wa serikali na wa biashara. Mkutano ulifanyika Mnazi Mmoja. Uwanja ulioachwa wazi ili watu wa Kariakoo wasikaribie mji ukawa mahali ambapo mji ulikwenda kuwasikiliza watu wa Kariakoo.

Kutokana na historia hii yote mizani tatu zapatikana, nazo zafaa kutumiwa na kila mwanafunzi wa mambo ya miji asikiapo kwamba wananchi wameshirikishwa. Ya kwanza ni wakati: je, waliulizwa kabla mstari haujapigwa, au waliitwa kuutazama ukiwa umekauka? Ya pili ni lugha: je, swali lilikuwa la mita na vipimo vya kigeni, au lilikuwa la goti na kiuno, ambalo mama muuza mboga aweza kulijibu kwa uhakika kuliko mhandisi? Ya tatu ni jibu: je, aliyetoa ushahidi alirudishiwa habari ya lililoamuliwa, na sababu yake? Mtaa wa Narung'ombe ulipewa jina bila kuulizwa walioupagaa mzigo wa vita vile. Mfereji wa Jangwani hauna haja ya kuchimbwa kwa mtindo huo, kwa kuwa wapo waliokwisha kusimama ndani ya maji yake na wanajua yalifika wapi.